Dada, Usiape Alhamisi

Dukani, Jumatatu asubuhi, kabla sijafungua mlango wa mbele

Dada yangu mkubwa, matroni mstaafu, mtu pekee ninayemjua anayeweza kuikemea saa ya ukutani ikatii,

Shikamoo. Nakuongezea na nyingine ya akiba, maana ukifika katikati ya barua hii hutakuwa na hamu ya kuniitikia. Natumaini goti la kushoto limepoa, na kwamba unameza dawa zako za presha kama ulivyokuwa ukiwamezesha wagonjwa zao, umesimama kando ya kitanda mpaka koo lishuke. Sisi huku tu wazima. Wifi yako anakusalimu sana. Hajui ninakuandikia nini. Angejua angeongeza ukurasa wake mwenyewe, na usingekuwa wa kunisifu. Mimi mgongo unauma nikiinama na unauma nikiinuka, kwa hiyo nimekaa, na kwa kuwa nimekaa nimeona niandike.

Utauliza simu ina nini. Simu haina kitu, Dada, ila kwenye simu wewe huzungumza na mimi huitikia. Ndivyo ilivyo tangu tuanze kupigiana. Karatasi haikatizwi. Nina neno kuhusu kesi yako ya Alhamisi pale kwenye baraza la malalamiko ya wanunuzi, na ni neno zito, nakuomba usome mpaka mwisho kabla hujavaa viatu vya kwenda popote. Nitalifikia kwa njia yangu ya kuzunguka. Unajua mimi niliishia darasa la tano, na nusu ya hilo la tano niliisikilizia nje ya dirisha, nimepiga magoti kwenye kokoto.

Kwanza nikueleze hasira zangu, kwa sababu bila hizo hutaelewa mengine.

Miaka thelathini na moja nauza mashine za kufulia, majokofu na majiko ya umeme katika duka hili hili la milango miwili. Unalijua, ulilikagua siku ya kwanza ukapitisha kidole juu ya rafu na kunionyesha vumbi. Unajua pia ninavyouza. Sitoi mashine dukani kabla sijaiwasha mbele ya mnunuzi. Naimwagia maji, natupia mashuka mawili ya zamani ya wifi yako, na inapofika kwenye kukamua, pale inapozunguka kama iliyopandwa na mashetani, naweka bilauri ya maji juu yake, imejaa mpaka mdomoni. Mnunuzi anaiangalia bilauri, mimi namwangalia mnunuzi. Tone lisipomwagika, amenunua. Hakuna aliyenifundisha hilo. Nililigundua siku nilipotua chai yangu pale kwa uvivu.

Miaka miwili iliyopita, ng'ambo ya barabara, pale alipokuwa yule seremala wa vitanda, alihamia mtu mmoja mnene mwenye sauti laini. Jina lake silitaji kwa kuwa hata wateja wake hawalijui. Sisi wa mtaa huu tunamwita Nusu Bei, na yeye amelipenda hilo jina, amelipaka ukutani kwa rangi nyekundu. Akaanza kuuza mashine zile zile ninazouza mimi. Siyo zinazofanana nazo, Dada. Zile zile. Kiwanda kile kile, rangi ile ile, mlango unafungwa kwa mlio ule ule. Ila bei yake ni theluthi mbili ya yangu.

Mimi nikatangaza mtaa mzima kwamba ni feki. Nilitangaza kwa kinyozi, nikatangaza kwa muuza magazeti, nikatangaza msibani mpaka wifi yako akanifinya. Halafu moja ikaletwa kwangu imekwama mlango, nikaifungua kwa raha zote za mtu anayekwenda kumfumania mwizi. Nikakuta kila parafujo mahali pake. Kila waya. Ile ile. Nilikaa sakafuni na bisibisi mkononi nikajiona mjinga mwenye cheti.

Nikauliza, nikachunguza, nikaelewa. Kiwanda hutengeneza mashine kwa ajili ya kila nchi, na kila nchi huipangia bei yake kulingana na unene wa mifuko ya watu wake. Kwetu amewekwa wakala mmoja tu mwenye haki ya kuziingiza, na huyo ndiye anayeniuzia mimi. Sasa kuna watu wanakwenda nchi ambako mashine ni rahisi, wanajaza kontena, wanazileta kwetu bila kumpigia wakala hodi. Ushuru wanalipa, mihuri wanayo, polisi hana pa kuwashika. Sisi wenye maduka tunaziita mashine zilizopita uani. Utazijua kwa plagi yenye meno yasiyoingia kwenye soketi zetu, na kitabu cha maelekezo kilichoandikwa lugha ambayo hata ukikigeuza juu chini huoni tofauti. Nusu Bei hutoa kiunganishi cha plagi bure na kukiita zawadi.

Asichokisema ni mambo mawili. La kwanza, mashine imeundwa kwa ajili ya umeme wa huko ilikokuwa iende, na umeme wetu hauna tabia hiyo. Inafanya kazi, lakini pampu inakwenda na homa kila siku mpaka siku inazimia. La pili, ikizimia, wakala haitambui. Anaangalia namba yake, haimo kwenye orodha yake, anakurudishia kadi ya waranti kama anayekurudishia leso uliyoidondosha.

Sasa sikia wateja, hao ndio wanaonifanya nisage meno yangu machache. Wanakuja kwangu. Wanataka niwawashie mashine, niweke bilauri, niwaeleze tofauti ya sabuni ya unga na ya maji. Mwalimu mmoja wa hesabu alikaa hapa saa nzima na dakika kumi, akauliza maswali kumi na moja, majibu akayaandika kwenye kijidaftari. Akanishukuru sana. Akavuka barabara, akanunua kwa Nusu Bei, na ili nisikose kitu alikuja kuazima kwangu kamba ya kuifungia kwenye mkokoteni. Nikampa. Bilauri yangu imeuza mashine nyingi za Nusu Bei kuliko zangu mimi.

Miezi sita baadaye yule mwalimu akarudi na mashine yake kwenye mkokoteni, imekufa, maji yamesimama ndani na soksi zinaelea. Akaniambia mimi ndiye mwenye aina hii ya mashine, basi nimsaidie kwenye waranti. Nikamwomba risiti. Akaviangalia viatu vyangu. Sikuwa na huruma, nakiri, ila udadisi ulinizidi, nikavuka naye barabara nione. Nusu Bei alitupokea vizuri, akaagiza viti. Akaonyesha nyuma ya risiti maandishi membamba kama nyayo za sisimizi kwamba waranti ni ya duka na ni ya siku thelathini. Mwalimu akalalamika kwamba kwenye boksi imeandikwa miaka miwili. Yule bwana akamjibu kwa ile sauti yake ya kubembelezea watoto.

"Mwalimu, kwa bei ile ulitaka mashine au ulitaka ndoa?"

Nilicheka, Dada. Sikutaka, lakini nilicheka, na mwalimu hajanisalimia mpaka leo. Jioni ile nikiwa nafunga duka kicheko kikanigeukia. Maana yule aliyekuwa anauza feni na pasi hapa jirani, mjane mwenye watoto wanne, alifunga mwezi ule ule. Na mwenye redio wa kule kona akafunga. Hawakushindwa kazi. Walishindwa na bei ambayo wao walikuwa hawaruhusiwi kununulia.

Kwa sababu usidhani hasira zangu zote zinavuka barabara. Zilizo nyingi zinapanda ngazi kwenda kwa wakala. Sikiliza hesabu hii, wewe uliyekuwa unagawa dawa kwa tone. Bei anayoniuzia mimi wakala, bei ya jumla, mimi ambaye bado sijaweka hata senti yangu ya faida, ni kubwa kuliko bei Nusu Bei anayomuuzia mtu anayetoka barabarani. Nilikwenda ofisini kwao nikamwona meneja, chumba cha baridi mpaka unatamani koti. Nikamwuliza imekuwaje kitu kimoja kiwe na bei mbili. Akanieleza kwamba kwenye bei yao kuna mafunzo ya mafundi, kuna vipuri, kuna matangazo, na kuna imani ya mteja. Nikamwambia hiyo imani lazima inasafirishwa kwa ndege, tena kiti cha mbele. Hakucheka. Alinipa karatasi.

Karatasi inasema kila muuzaji aliyeidhinishwa abandike bango jipya la taa, ukubwa waliouamua wao, litengenezwe kwa fundi waliyemtaja wao, kwa pesa zake mwenyewe, ndani ya mwezi mmoja. Asiyefanya hivyo anaondolewa kwenye orodha. Na juu ya hilo, mashine zikapanda bei wiki ile ile. Yaani wananinyonga kwa kamba halafu wananiuzia hiyo kamba. Nusu Bei ananipiga kutoka mbele, wakala ananipiga kutoka juu, na mteja aliye katikati anaomba niweke bilauri.

Nimekuandikia yote haya ili upate moto kidogo, kwa sababu ninataka ukiwa unanikasirikia uwe umekwisha kuwakasirikia na wao. Hiyo ni hila, najua. Umeniona nikiwa na hila tangu nikiwa naiba sukari na kulamba ushahidi.

Tuje kwako sasa. Wewe uliuza kile kiwanja chako, ukaniletea pesa, ukasema unataka mashine kubwa, ya kweli, yenye waranti ya wakala, uanze kazi ya kufua mashuka ya nyumba za wageni. Ulisema hutaki kukaa nyumbani kusubiri wajukuu wakupigie simu. Nikakuletea mashine. Ikafua vizuri miezi saba. Mwezi wa nane pampu ikaungua na mashuka arobaini ndani. Ukawaita wakala, wakamtuma fundi wao, yule tunayemwita Fundi Kipara, mtu mzima mwenye mke na watoto, mpole asiye na maneno. Akaangalia namba kwenye stika ya nyuma, ikalingana na kadi. Akafungua mlango, akaangalia namba iliyogongwa kwenye chuma ndani ya fremu, pale ambapo hakuna mtu wa kawaida anayepaangalia. Haikulingana. Akasema waranti haipo.

Ukamwambia usoni kwamba yeye ndiye aliyebadili stika ili wakala asilipe. Ukaandika kwa wakala. Ukaandika kwa baraza. Wewe ukiandika, Dada, watu husimama. Wakala, badala ya kumtetea mtu wao, wakaona rahisi zaidi kumsimamisha kazi bila mshahara mpaka baraza liamue. Na wiki iliyopita ukanipigia kunisomea maneno utakayosema Alhamisi ukiwa umeapishwa. Ukasoma kwa sauti yako ya wodini kwamba mashine ilitoka dukani kwa ndugu yako na stika yake ya kweli, na kwamba ndugu yako ana kasoro mia moja, lakini mkono wake ukishika mashine haujawahi kudanganya.

Mimi nikajibu, "Vizuri, Dada."

Nimelala na maneno hayo mawili siku nne. Yana miba.

Stika niliibandua mimi.

Nimeliandika nikatazama ukutani kidogo, sasa naendelea. Ulipoleta pesa zako zilikuwa zinatosha kwa bei ya zamani. Wiki iliyofuata wakala akapandisha na hazikutosha tena. Ningeweza kukupigia simu nikuambie ongeza kidogo. Lakini nilikuwa nimekwisha kujigamba kwako, nimekuambia pesa ya ndugu haiongezwi, niachie mimi. Tangu tukiwa wadogo wewe ndiye unayeniokoa mimi, na safari hii nilitaka iwe kinyume. Basi nikavaa kofia ya wifi yako ya jua, nikaishusha mpaka puani, nikapita mlango wa nyuma wa Nusu Bei saa sita mchana watu wakiwa wanakula. Alinitambua kwa mwendo. Hakunicheka hata kidogo, na hilo ndilo lililoniuma. Alinikaribisha chai, akanipunguzia bei, akasema sisi ni wafanyabiashara, tunaelewana. Nikanywa ile chai, Dada. Niliinywa yote.

Ikabaki pesa. Pesa yako, siyo yangu. Na unajua niliipeleka wapi? Kwenye bango la taa. Lile uliloliona kwenye picha ukaniambia limependeza, lililoandikwa kwa herufi za buluu kwamba mimi ni muuzaji aliyeidhinishwa, limelipiwa na mashine iliyopita uani na dada aliyedanganywa. Nilisema nitakurudishia. Sikukurudishia.

Hapa dukani dirishani nilikuwa na mashine moja ya wakala, ya maonyesho, ile ninayoiwekea bilauri. Kadi yake ya waranti haikuwahi kujazwa. Nikachukua kadi hiyo nikaandika jina lako. Nikachukua kile kifaa cha wifi yako cha kukaushia nywele, nikaipuliza stika ya mashine ya dirishani kwa joto, polepole, mpaka gundi ikalegea, nikaivuta kwa wembe bila kuchanika hata pembe. Nikaibandika kwenye yako. Nikakata ile plagi ya kigeni nikafunga ya kwetu. Kitabu nikakuwekea kingine. Nilifanya kazi safi, nikajisifu, nikajiambia ikiharibika wakala atalipa, na kumwibia wakala ni kama kuchukua maji mtoni. Namba ya ndani sikuifikiria kabisa. Miaka thelathini na moja ninauza mashine na sikujua kuwa kuna namba ndani ya mlango. Mtu pekee wa kuijua ni yule anayefanya kazi yake sawasawa, na huyo ndiye tuliyemnyang'anya mshahara.

Jumamosi nilikwenda kwake. Anakaa vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha matofali. Nilimkuta barazani, ameweka meza ndogo, anatengeneza redio na tochi za majirani ili watoto wale. Mkewe alinipa kigoda na hakunipa kingine. Nikamweleza yote kama nilivyokueleza wewe, na kofia nikamweleza, na chai. Nilikuwa nimejiandaa kutukanwa, nilikuwa hata nimevaa shati ambalo likichanika si hasara. Hakunitukana. Alimaliza kuchomelea waya aliokuwa ameushika, akazima chuma, akaniangalia.

"Mzee, uliitoaje bila kuichana? Sisi kwenye karakana ya wakala zinatuchanikia kila siku."

Nikamwambia kifaa cha nywele. Akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyeongezewa elimu. Mkewe akaingia ndani akafunga mlango. Dada, afadhali wangenipiga. Wewe umewahi kunipiga, najua kipigo kinaisha. Lile swali haliishi. Nilirudi kwa miguu njia nzima nikiwa na hasira, na kwa mara ya kwanza miaka miwili hii sikuona mtu wa kumrushia. Nusu Bei aliuza anachouza, na hakuniambia ni kitu kingine. Wakala ni mnyonyaji, hilo silifuti hata mbele ya baraza, lakini stika yake alikuwa ameibandika mahali pake. Katika watu wote wa mkasa huu, aliyesema uongo kwa mkono na kwa mdomo ni mmoja.

Kwa hiyo usiape Alhamisi. Usinyanyue mkono. Nakujua, utataka kufuta kesi kimyakimya, uwaambie unaumwa, ili mdogo wako asiaibike. Usifanye hivyo pia. Ukinyamaza, wakala watasema kesi imekwisha bila uamuzi, na Fundi Kipara atabaki barazani na tochi zake. Lazima mtu aseme kwa sauti kwamba siyo yeye.

Nitasema mimi. Ninafika kwenu Jumatano jioni. Sitafikia kwako, sina uso wa kukaa kwenye kiti chako. Nitalala kwenye ile nyumba ya wageni karibu na kituo, na ninajua kabisa kwamba mashuka nitakayolalia umeyafua kwa mkono na goti hilo. Alhamisi utaniona nimekaa upande wa pili, na wakala, kwenye benchi moja na yule meneja wa chumba cha baridi. Usinipungie mkono. Nitakuwa shahidi wa watu ninaowachukia kuliko wote, na wao watanishukuru, na hiyo shukrani ndiyo itakuwa adhabu yangu ya kwanza. Ya pili ni kwamba wataniondoa kwenye orodha. Bango nimeliteremsha mwenyewe leo alfajiri, nisiwape raha hiyo. Limeacha alama nyeupe ukutani, na kinyozi amekwisha kuniuliza nahama lini.

Dereva anayekupa barua hii ana mzigo wako kwenye lori. Ni ile mashine ya dirishani. Fungua mlango wake, chukua miwani, soma namba iliyogongwa kwenye chuma ndani. Utakuta ni ile ile iliyo kwenye stika ya mashine yako mbovu. Huo ndio ushahidi, mwambie mwenyekiti wa baraza aje auone kwa macho yake. Wakimaliza kuutazama, ni yako. Ni ya wakala, ni ya umeme wetu, na imebeba bilauri miaka minne bila kumwaga tone. Stika haina. Kadi haina. Wakala hataitambua na mimi sitakuwa tena na muhuri wa kuigongea. Pampu ikiungua nitakuja kuibadilisha kwa mikono yangu, mkanda ukikatika nitakuja, hata kama utakuwa hutaki kuniona nitaingilia dirishani. Nina miaka sabini na moja, Dada, kwa hiyo fua haraka.

Pesa ya bango nitaileta kidogo kidogo. Usinisamehe upesi, ukinisamehe upesi nitaanza tena mzaha, na safari hii nataka iniume kwanza.

Nisalimie wajukuu wote, na yule mdogo anayefanana na mimi umchunge. Wasalimie majirani zako waliokusaidia kukamua mashuka. Wifi yako anasema ukija utamkuta, na sasa hivi anatafuta kifaa chake cha nywele, ngoja nikamwonyeshe kilipo, nimweleze na yeye.

Ndugu yako mdogo, uliyemfundisha kuandika jina lake na ambaye leo ameona aibu kuliandika,

Yule Yule Mtundu